Mwanamke Asiyefutika

Aliingia nyumbani kwangu ndani ya bahasha ya kaki. Mume wangu Kasim alimtoa polepole, akamwegemeza kwenye chupa ya chai, akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa upande kama kuku anayetazama punje.

"Mama Sitti," akasema, "hebu njoo. Unaionaje?"

Ilikuwa picha ya mwanamke. Mteja wetu si yeye, maana wateja wetu wa Kasubi nawajua mpaka mapengo yao. Huyu alikuwa Mkongomani, mweusi wa kung'aa, kajifunga kitenge cha rangi zote alizoumba Mungu na nyingine za kiwandani, na anacheka. Anamchekea nani? Hilo ndilo lililonipanda kichwani, kwa sababu mtu hachekei ukuta.

"Nani huyu?"

"Esperance. Yule mama anayeuza printa mjini, kwenye jengo la maduka karibu na soko la Owino. Ni picha ya kujaribia mashine tu. Wewe angalia rangi."

"Naiangalia," nikamwambia. "Rangi ya midomo nimeiona sawasawa."

Hakusikia. Kasim akishatazama picha huwa hasikii hata adhana.

Nisije nikaonekana mgomvi bure, wacha nieleze. Jina langu Faridah. Mimi na Kasim ni Wanubi, na tuna studio ndogo hapa Kasubi: mimi napokea watu na kuwapiga picha za pasipoti, yeye anazunguka kwenye harusi. Na harusi za siku hizi hazina subira. Zamani unapiga picha, unakwenda mjini kusafisha, unarudi baada ya wiki na watu wanakushukuru. Siku hizi mpiga picha anafika na printa yake, anaichomeka kwenye umeme wa mwenye harusi, na kabla pilau haijapakuliwa picha zimeshamwagwa kwenye mkeka, kila mtu anajitafuta na kununua. Ukiwapelekea kesho yake, hakuna anayekujua. Kasim alikuwa akiwapelekea kesho yake, na picha zinarudi nyumbani kama chakula kilichochacha.

Basi tukakubaliana tununue printa yetu. Pesa tumeweka wote wawili, kwa hiyo ushauri ni wa wote wawili. Mimi nilidhani kuchagua printa ni kama kuchagua sufuria, unaigonga, unasikiliza, unaibeba. Kumbe!

Kesho yake alikuja na Esperance mwingine. Keshokutwa, mwingine. Esperance wa leza, Esperance wa wino, Esperance wa wino mzito, Esperance wa utepe. Mwanamke yuleyule, kicheko kilekile, karatasi tofauti. Mmoja akabandikwa dirishani aone jua litamfanya nini. Mmoja akalazwa kwenye sahani yangu ya maji. Nyumba ikawa na wanawake wawili, mmoja anacheka na mwingine anapika.

Jirani yangu Moreen, mwenye saluni, aliingia kuomba kiberiti, akasimama katikati ya chumba na kuzungusha macho.

"Banange! Nyabo, hii yote ni nani? Mzee yako iko na bibi ya karatasi?"

"Ni kazi," nikasema.

"Mm. Kazi." Akachukua kiberiti. "Mimi bwana yangu akileta kazi kama hii, nachoma."

Akatoka akicheka. Mimi nikabaki na moto kifuani na kiberiti hakipo.

Sasa niseme wazi, sitaki kuzunguka mbuyu: nina wivu. Watu husema mwenye wivu ajinyonge. Sijinyongi. Wivu wangu una sababu yake. Kasim ameshapiga picha kila mtu Kasubi hii, watoto, maharusi, wazee wa msikitini, mpaka mbuzi wa Idi. Mimi hajanipiga picha tangu Sitti binti yetu aanze shule, na Sitti leo anasoma chuo Kyambogo. Siku zile alikuwa akinifuata jikoni na kamera nikimfukuza na mwiko. Leo napita mbele yake na sahani, anainua mkono kupokea bila kuinua macho. Nilitaka kujua jambo moja tu katika dunia hii: mume wangu bado ananiona, au nimekuwa kama kiti, unakikalia vizuri kwa sababu unajua kipo?

Na sasa macho yale, ambayo mimi nimeyakosa miaka yote, yamemwangukia mwanamke wa dukani.

Jumapili moja Kasim aliwapanga Esperance wote mezani. "Nataka unisaidie," akasema. "Unajua mikono ya wanawake harusini kwetu."

Naijua, na mmoja ni wangu. Harusi ya Kinubi ni hina, udi na mafuta ya kunukia, bibi harusi anapakwa mpaka anateleza, na waliompaka hawanawi. Picha ikitoka inapita mkono kwa mkono: tuone, tuone, leta nami nione! Ikifika kwa mwenyewe imeshapakwa mafuta kuliko bibi harusi.

"Chukua mafuta yale ya harusi," akasema Kasim. "Sugua. Kwa nguvu."

Wallahi, tangu niposwe sijawahi kuambiwa neno tamu kama lile.

Nikaanza na yule wa leza. Hiyo ni ile inayochapa kwa unga, kama printa za ofisini, inayotoa kadi za mwaliko haraka haraka. Uso wa Esperance umekuwa bapa kama bango la uchaguzi. Nikampaka, nikamkunja katikati ya pua. Unga ukabanduka, pua ikabaki na mstari mweupe.

"Leza hapana," akasema Kasim.

"Hapana kabisa," nikasema, roho kwatu.

Nikamchukua wa wino mwepesi, ule wa bei nafuu kwenye karatasi ya kung'aa. Huyo, wacha nikuambie, alikuwa mzuri kwelikweli, na kitenge kinawaka. Nikatia mafuta, nikatia na matone ya maji kama mvua ya ghafla. Nikasugua mara moja tu, mdomo ukahamia sikioni. Nikasugua tena, sikio likaenda na kitenge.

"Basi, Mama Sitti, inatosha, nimeshaona!"

"Tuhakikishe," nikasema, nikaendelea mpaka akabaki matope.

Wa wino mzito alinipa kazi. Huo ni wino wa wakubwa, wa karatasi isiyong'aa, unaona mpaka uzi wa kitenge na kivuli chini ya jicho, na Kasim anasema picha yake hata wajukuu wataikuta. Lakini mashine yake ni ya madaha, inachapa polepole, na ukiiacha siku kadhaa bila kazi inaziba pua kama mtoto wa mafua. Unaipeleka harusini, wageni wanamaliza kula na kuondoka, bibi harusi bado hajatoka kidevu.

Akabaki wa utepe. Mashine hiyo haina wino wa maji. Ina utepe wa rangi, inaupasha joto, rangi inaingia kwenye karatasi, na mwisho inafunika kila kitu kwa utando mwembamba. Picha inatoka kavu. Nikampaka mafuta. Anacheka. Nikammwagia maji, nikasugua kwa kidole, nikasugua kwa kiganja, nikachukua ncha ya leso. Anacheka! Nikampeleka kwenye chetezo nikamfukiza udi mpaka nikakohoa mimi. Nikampangusa, meno yaleyale.

"Hafutiki!" nikapiga kelele. "Mwanamke huyu hafutiki!"

"Eeh!" Kasim akapiga makofi, eti tumefurahi pamoja. "Umeona? Hii ndiyo mashine ya harusi!"

Nikashusha pumzi. Nikafikiri, haya, mashine imepatikana, anunue, mama huyu atoke kwangu. Lakini Kasim akaichukua ile picha, akaitazama, furaha ikamtoka usoni.

"Ila rangi," akasema. "Bado haijakaa. Kesho nitarudi kwake kidogo."

Kidogo! Karatasi imepita majini, juani, kwenye mafuta na moshi, imeshinda, sasa anarudia nini? Nilimwangalia akikunja bahasha yake na kuitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mimi nilishalowa.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimwacha Kasim studio anapiga mtu picha ya pasipoti, nikajua saa za mchana ndipo huteremka mjini. Nikafungua sanduku, nikatoa gurbaba yangu ya rangi ya machungwa, kitambaa chetu cha kujifunga, ile ninayoivaa nikitaka watu wajue nimefika. Nikajipaka wanja. Nikapanda boda na kumwambia akimbize. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: mama, wewe una watoto? Una haya? Mume wa mtu ni sumu, umekunywa?

Duka lilikuwa ghorofa ya chini ya jengo, jembamba, mashine zimepangwa mpaka darini. Nikamjua kabla hajageuka, kwa kitenge. Akageuka. Mashine haikumsingizia, mzuri kweli. Nikafungua mdomo nimwage nilivyopanga.

Yeye akaweka mkono mdomoni.

"Yesu wangu! Ni weye!"

"Mimi nani?"

"Weye wa mu picha!" Akacheka kicheko kilekile cha karatasi, akanishika mkono kama tumekua pamoja. "Mama, karibu, kaa, kaa hapa. Muzee yako atanimaliza mie. Kuya uone."

Akafungua droo, akatoa fungu zima la picha na kulimwaga kaunta.

Nilikuwa mimi. Mimi, mimi, mimi. Mimi wa leza, mimi wa wino, mimi wa utepe, mwekundu kama nyanya, wa kijani kama niliyekufa jana, wa kijivu kama jivu la sigiri. Wote binti mmoja, amejifunga gurbaba ya harusi, kaegemea mlango. Nikaikumbuka. Kasim aliipiga mwenyewe siku chache baada ya ndoa yetu, nyumbani kwa mama yake.

"Kila siku anakuya na hii picha," Esperance akasema. "Natoa na leza, anasema hapana. Natoa na wino, hapana. Natoa na utepe, anaishika pale ku mwangaza, anasema bibi yangu hana rangi hii. Anaacha zote hapa, hataki kubeba, anabeba zangu tu za kuonyeshea batu. Nikamwambia, muzee, hii picha ni ya zamani, imekufa rangi. Nyekundu tu ndiyo imebaki ndani. Mashine itatoa wapi rangi ambayo haiko? Hasikii. Mie bwana yangu kule Butembo, hata akinikuta barabarani ataniuliza njia."

Nilicheka jamani. Nilicheka mpaka nikakaa. Maneno yote niliyopanga njiani yakayeyuka, nikamwona Esperance ni ndugu yangu, nikamwomba na maji ya kunywa.

Halafu nikaziangalia zile picha vizuri.

Yule binti alikuwa na shingo laini kama shingo ya mtungi. Kiuno kipo. Macho yanamtazama aliyeshika kamera bila hofu yoyote, maana anajua anatazamwa na atatazamwa hivyo siku zote. Na huyo ndiye Kasim aliyekuwa akimfuata mjini kila mchana. Huyo ndiye aliyekuwa mfukoni, upande wa moyo. Rangi yake ya miaka ile anaikumbuka sawasawa, mpaka anagombana na mashine. Rangi yangu ya leo, muulize.

Wivu wa Esperance ulikuwa mchezo wa watoto. Esperance ningeweza kumvuta nywele. Huyu ningemvuta wapi?

"Mama, unalia?" Esperance akauliza.

"Wanja umeingia jichoni," nikasema.

Na hapo ndipo Kasim akaingia, kamera shingoni. Aliponiona akasimama kama mtu aliyekanyaga waya wa umeme.

"Mama Sitti! Umefuata nini huku? Nyumbani salama?"

"Nimefuata mke mwenzangu," nikamwambia. Nikainua picha moja, ile nyekundu. "Huyu hapa. Mbona hukuniambia unaye?"

"Ala! Faridah, huyo si wewe?"

"Si mimi."

"Ni wewe! Nilitaka nikufanyie jambo. Nimesema sinunui mashine mpaka nione inakutoa wewe sawasawa, vile ulivyo. Ikikutoa wewe vizuri itawatoa wote."

"Vile nilivyo," nikasema, "au vile nilivyokuwa?"

Akaitazama picha, si mimi. Hata pale, mbele ya mtu, aliitazama picha! Damu ikanichemka.

"Hiyo kamera inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi nipige. Sasa hivi, hapa. Mashine itajaribiwa kwa mtu aliye hai, huyo mwingine mwacheni apumzike."

Akajaribu kusema mwanga haufai, nguo, mahali penyewe watu wanapita. Nikasimama mlangoni mwa duka, uso nje kwenye mwanga. Sikucheka. Watu wa jengo zima wakawa wanachungulia, na mwenye kuuza mabegi akaacha wateja wake. Kasim akainua kamera, akapiga mara kadhaa.

"Utepe," nikamwambia Esperance.

Mashine ikanguruma. Ikanitoa wa njano tupu, kama niliyechovywa kwenye manjano, ikanimeza. Ikanitoa tena mwekundu, ikanimeza. Ikanitoa na buluu yake, nikaanza kuwa mtu, ikanimeza kwa mara ya mwisho ili kunifunika utando, kisha ikanitema mzima, mkavu, wa moto.

Kasim akaidaka picha. Akaipeleka kwenye mwanga. Nikaona mabega yanashuka.

"Rangi imekaa," akasema polepole. "Subhanallah, imekaa." Kisha akakunja uso, akaileta picha karibu na macho. "Lakini mama Esperance, mashine yako inatia doa."

"Doa gani, muzee?"

"Hili hapa, shingoni. Kama utepe umekwaruza."

Esperance akatazama picha. Akanitazama mimi. Akainama, akajitia anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kasim akalamba kidole gumba, akasugua lile doa. Halikutoka. Akasugua tena. Ndipo akafanya vile anavyofanya siku zote akitaka kuhakikisha rangi ya mtu: akaileta picha kando ya shavu langu, akanigeuza uso kwenye mwanga, akaangalia picha, akaniangalia mimi. Picha. Mimi.

Kidole kikaganda hewani.

Nikakishika na kukiweka pale shingoni pangu, penye kovu. "Sugua," nikamwambia. "Pengine litatoka."

"Tangu lini?" akauliza.

"Idi ya mwaka juzi. Mafuta ya sambusa yaliruka. Wewe ulikuwa umerudi kutoka harusi ya watu kule Bombo, nikakuonyesha, umeinamia kompyuta. Ukasema pole."

"Nilisema pole?"

"Ulisema pole vizuri sana. Ulikuwa unamng'arisha bibi harusi wa watu."

Macho yakamjaa. Kidole chake kilikuwa bado shingoni kwangu, kinatembea juu ya lile kovu, mwanzo mpaka mwisho, kama kipofu anayesoma.

"Halitoki," akasema.

"Halitoki. Basi nunua hiyohiyo, twende nyumbani."

Tukainunua. Esperance akatufungia na utepe wa akiba, akaniambia sikioni nikipita mjini nisiache kumwona, na mimi namwona mpaka leo, tunakunywa chai. Picha zake nimezitoa nyumbani, zote isipokuwa ile ya utepe, maana yeye na mimi tulishapigana na yeye akashinda. Ya yule binti wa mlangoni, ile nyekundu ya asili, nimeirudisha sandukuni. Namwonea huruma kidogo. Siku nyingine, huruma hainijii.

Sasa harusi zinatutafuta mpaka Kawempe. Na kila Kasim akitia utepe mpya hawezi kwenda kazini bila kuijaribu mashine, na mtu wa kujaribia ni mimi. Ananiita, nasimama mlangoni mwa studio, ananipiga, inanitoa. Kisha anaileta picha kando ya shavu langu, ananigeuza kwenye mwanga, anaangalia picha, ananiangalia mimi. Mimi namhesabia kimoyomoyo. Nikiona ameiangalia picha kuliko alivyoniangalia mimi, naipokonya, naichana mbele yake, namwambia arudie.

Karatasi yake ni ngumu kuchanika. Lakini nimeshaizoea.